Mwaka Niliosema Pampu Ipandishwe

Aliyeniletea ile jointi alikuwa ameifunga ndani ya fulana kuukuu, akiibeba kama mtu aliyetumwa mayai. Jina lake ni Saitoti, fundi wa pampu za sola kutoka upande wa Doldol, na alikuwa amenitafuta kwa siku mbili. Kwanza alifika Nyeri mjini, kwenye duka la marehemu Bwana Ramnik, na Jaya, binti yake Ramnik ambaye ndiye anayeliendesha siku hizi, akamwelekeza kwangu hapa Karatina. Alinikuta mlangoni mwa karakana yangu, miwani imeshuka puani, nikimweleza mteja mmoja kwamba mota ya mashine yake ya kukatia ng'ombe nyasi haikurogwa na jirani, imelowa maji tu. Saitoti alisubiri mpaka yule mteja akubali kushindwa, kisha akasogea.

“Mama, ni wewe Nyambura wa uzi nyekundu?”

“Inategemea ni nani anauliza,” nikamwambia. “Kama imeharibika, si mimi.”

Alicheka, akaifungua fulana. Ndani mlikuwa na kipande cha kebo nyeusi, urefu wa mkono wangu, kimevimba katikati mahali vipande viwili vilipoungwa na kuzungushiwa tepu. Tepu ilikuwa imekauka ikawa ngumu, na pale alipoichana kidogo kwa kisu palichomoza ncha ya uzi wa katani, bado mwekundu. Sikuhitaji miwani kuitambua kazi yangu.

“Tunaweka sola kwa ile kisima,” akasema. “Tumetoa mabomba yote. Wazee wa pale wanasema pampu imebadilishwa mara mbili tangu ile zamani, lakini hii jointi ya katikati hakuna mtu aliigusa, maana haijawahi kusumbua. Nikataka kujua ni ya aina gani. Nikafunga upande moja kwa mti, upande ingine kwa pikapu, nikavuta.”

“Halafu?”

“Waya ndio ilikatika, mama. Jointi ilikataa.”

Nina umri wa kutosha sasa wa kutojifanya mnyenyekevu. Nilifurahi waziwazi, mbele ya mteja na mbele ya wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara, na nikamwomba Saitoti arudie ile sehemu ya pikapu ili wasikie vizuri. Nilimwingiza ndani, nikabandika maji ya chai, nikaiweka jointi mezani chini ya taa. Tangu hapo kichwa changu hakijatoka katika mwaka ule mmoja. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimesuka upya nyaya za mota za viwanda vya kahawa kutoka Othaya mpaka Sagana, lakini ukiniuliza nilikuwa fundi lini, sitakutajia cheti. Nitakutajia siku moja ya jua kali huko Doldol, na ili uielewe siku hiyo ni lazima nianze na kiondo, kikapu cha katani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mkewe Bwana Ramnik, tuliyemwita Mama Jaya, alikuwa ameagiza kiondo cha mistari, na nilipompelekea ilibidi nipitie karakana ya mumewe, kwa kuwa ngazi ya kwenda nyumbani kwao ilianzia humo ndani. Bwana Ramnik alikichukua mikononi, akakigeuza ndani nje, akavuta nyuzi zake kwa ukucha, akauliza ni nani aliyesokota hii kamba. Nikasema ni mimi. “Kesho wewe kuja hapa,” akasema. “Mtu nasuka hii, nasuka mota.” Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la kijivu lenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kitu kinachochoma. Sikujua kama ananitania. Nilirudi kesho yake nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, na Gachoki, fundi wake mkuu, akanitazama miguu kisha akanipa ufagio.

Chumba kilikuwa kirefu na dirisha moja, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa vanishi. Mota zilizoungua zililala sakafuni zikingoja zamu: za mashine za kusaga unga, za pampu za mtoni, za viwanda vya kumenya kahawa. Nyuma kulikuwa na tanuri dogo la kukaushia vanishi, na harufu yake ilipigana mchana kutwa na harufu ya dengu na bizari iliyoshuka kwa ngazi kutoka jikoni kwa Mama Jaya. Saa saba kamili aliteremsha vibakuli vya chuma vilivyopandana, Gachoki akafungua mkebe wake wa githeri, mahindi na maharagwe, tukala kwa kubadilishana juu ya meza ile ile tuliyosukia. Gachoki alikuwa mtu wa Kerugoya, mrefu, mwenye mikono mikubwa na ulimi mrefu zaidi. Mimi nilimwita Baba Muthoni kwa heshima ya binti yake wa kwanza. Yeye aliniita Kiondo. Kila siku alilalamika kwamba githeri yake inamalizwa na watu wa ghorofani, huku chapati ya tatu ya Mama Jaya iko mkononi mwake.

Kusuka mota nilikuweza kwa majuma machache. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kuhesabu mizunguko bila mimi kuvisimamia, na Bwana Ramnik alipita nyuma yangu akiguna kwa namna niliyokuja kujua kwamba ni sifa. Kilichonishinda ni kuunga waya. Leo nikiwaeleza vijana hawaniamini, kwa sababu wanadhani kuunga waya ni kusokota tu halafu tepu. Bwana Ramnik alikuwa na sheria zake. Kwenye waya wa kisima hakutumia risasi ya kuyeyusha, kwa maana alisema inaifanya shaba iwe ngumu mahali pamoja, na pampu ikiwaka inajipinda na kuvuta waya kila mara, siku moja waya unakatika pale risasi ilipoishia. Tena alisema risasi ni ya watu wanaoficha. Shaba ilipaswa kujishika yenyewe. Unachanua nyuzi za waya huu na nyuzi za waya ule, unaziingiza zipishane kama vidole vya mikono miwili, unasokota, unakaza kwa uzi mwembamba wa shaba, ndipo unaleta mpira na tepu. Na tepu huanzia chini kupanda juu, ule mzunguko wa juu ukilalia wa chini, kama mabati ya nyumba, ili maji yasipate mlango.

Kando ya mlango palikuwa na ndoano, na chini ya ndoano mota moja iliyokufa kabisa, nzito. Gachoki aliiita Shemeji, kwa sababu, alivyosema, haifanyi kazi yoyote na ni lazima ibebwe. Kila aliyeunga waya alitundika jointi yake kwenye ndoano, akamfunga Shemeji chini yake, na Shemeji alining'inia hapo tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana. Jointi ikiachia, alianguka juu ya tairi kuukuu kwa kishindo kilichosikika mpaka ghorofani, na Mama Jaya alichungulia ngazini kuuliza ni nani leo. Aliyeangusha hakuruhusiwa kukata waya na kuanza upya. Alikaa kwenye kigoda mbele ya wote, akaifungua jointi yake uzi kwa uzi mpaka aone mwenyewe ilipokosea.

Nilimwangusha Shemeji mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. “Shemeji ameanguka tena!” Gachoki alikuwa akipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. “Kiondo, ati unafunga waya ama unamfungulia?” Nilikaa kwenye kile kigoda nikifungua nyuzi na machozi yakinitoka kwa hasira, kwa maana nilikuwa nimesokota kwa nguvu zangu zote na bado iliachia. Bwana Ramnik ndiye aliyegundua. Siku moja alivuta kigoda chake akaketi mbele yangu, akaniambia nisokote kamba ya kiondo, si waya. Nikachukua katani, nikasokota kwenye paja kama nilivyofanya tangu utotoni: nyuzi mbili unazipeleka mbele kuelekea gotini, kila mmoja peke yake, halafu unaziunganisha kwa kuzirudisha nyuma. Kule kurudi nyuma ndiko kunakozifanya zishikane. Akatikisa kichwa taratibu. “Hapo,” akasema. “Mkono yako narudi nyuma. Lakini waya hapana katani. Kiwanda nakwisha sokota yeye. Wewe narudisha nyuma, wewe nafungua kazi ya kiwanda.”

Nilielewa mara moja, na niliona aibu, kwa sababu kile kilichoniingiza karakana ndicho kilichokuwa kinanitoa. Kuelewa kulichukua dakika moja. Kuifundisha mikono kulichukua miezi. Kila nilipokuwa mtulivu nilisokota sawa, na nilipochoka au kukimbizwa, vidole vilirudi kwenye kiondo vyenyewe. Nilipata alama ya kujijua: nikisokota upande wa waya, shaba inanichoma kidole gumba cha kulia. Nikisokota upande wa kiondo, inanichoma cha kushoto. Jioni nilitazama vidole gumba vyangu kama mtu anavyotazama saa. Kufikia majira ya mavuno ya kahawa, Shemeji alikuwa haanguki tena. Gachoki alisema labda amepungua uzito kwa huzuni.

Kulikuwa na desturi moja zaidi, na hiyo ndiyo niliyoitamani kuliko kitu chochote mwaka ule. Juu ya kabati la vifaa palikuwa na misumari miwili, na kwenye kila msumari kigurudumu cha uzi: mweupe wa Bwana Ramnik, kijani wa Gachoki. Mtu akimaliza jointi ya kisima aliweka uzi wake chini ya tepu ya mwisho, ili siku ikifunguliwa ijulikane ni nani aliyeifunga. “Wakifungua, wajue nani ya kutukana,” Bwana Ramnik alisema. Fundi wa mota hakuwa na uzi. Fundi wa kisima alikuwa nao. Mota unaweza kuirudisha mezani, lakini jointi inayoshuka kisimani inakwenda mahali ambapo hutaiona tena, na watu watakunywa kwa sababu yake au watakosa.

Siku moja, nikiwa nyuma ya kabati natafuta karatasi ya kukunjia mota, nilisikia Gachoki na Bwana Ramnik wakinizungumzia kwenye kaunta. Macho ya Bwana Ramnik yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na nyuzi nyembamba za shaba hakuziona tena vizuri. Kulikuwa na kisima cha Doldol kinachongoja, naye alihitaji mtu mwingine wa kuunga, kwa maana Gachoki ndiye aliyesimamia mabomba na hakuweza kuwa mahali pawili. “Mimi sina ubaya na huyo msichana,” Gachoki alisema. “Lakini ikatike huko Doldol, watu watasema nini? Watasema Ramnik amekosa mafundi mpaka anaweka mwanamke kwa kisima.” “Watasema jointi nakatika,” Bwana Ramnik akajibu. “Waya hapana jua nani mwanamke.” Kisha akaongeza, na hili nalikumbuka mpaka leo, kwamba nitaunga mara moja tu, kule Doldol. Ikifaa, mimi ni wa visima. Isipofaa, nitabaki na mota, na yeye atamwita mpwa wake kutoka Nakuru. Nilirudi mezani nikiwa nimesahau karatasi niliyoiendea.

Tuliondoka Nyeri alfajiri kwa pikapu ya Bwana Ramnik, tukapita Nanyuki kukiwa na baridi ya mlima, na kufikia Doldol baridi ilikuwa imekwisha na hakukuwa na chochote cha kijani. Mvua zilikuwa zimekosa. Pampu ya zamani ilikuwa imekufa kwa majuma kadhaa, na ng'ombe walitembezwa mbali mno kufuata maji, wengine hawakurudi. Tulipofika tulikuta punda wamepangwa na mitungi mitupu migongoni, mbuzi wamelala kuzunguka birika kavu, na akina mama wamekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Naserian. Alinitazama nikiteremsha sanduku la vifaa, akawasemesha wenzake kwa Kimaasai, wakacheka, kisha akanijia. “Maji itatoka leo?” akaniuliza. Hakumwuliza Gachoki, hakumwuliza Bwana Ramnik. Nikajibu, “Leo.”

Neno hilo ndilo lililonikimbiza. Gachoki alisimamisha magogo matatu juu ya kisima, akafunga winchi, na wanaume wa pale wakashika kamba. Kebo tulikuwa nayo vipande viwili, kwa kuwa hakuna kipande kimoja kilichofika chini, na jointi ya kuunga vile vipande ndiyo iliyokuwa yangu. Nyaya tatu ndani ya kebo moja, kwa hiyo kuunga mara tatu. Nilipiga magoti mbele ya sanduku, nikaunga wa kwanza, nikamwonyesha Bwana Ramnik, akaupapasa, akaguna. Nikaunga wa pili, akaguna. Nilipokuwa kwenye wa tatu upepo uliinua vumbi, Gachoki akaita kwamba bomba la sita limekwisha kuingia na wanaume wanachoka, na punda mmoja akalia nyuma yangu kana kwamba naye ana neno. Nikasokota, nikakaza, nikafunika kwa mpira haraka vumbi lisiingie. Sikumwonyesha. Bwana Ramnik alichukua mega, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, akapima, sindano ikakaa mahali pake. Akaishika kebo pande zote mbili akaivuta kwa nguvu zake zote. Ikashika. Akanipa kipande cha uzi wake mweupe, kwa kuwa mimi sikuwa na wangu, nikakiweka chini ya tepu. Jointi ikafungwa kwenye bomba, ikashuka ardhini.

Mabomba mengine sita yalishuka baada yake, kisha watu wakapumzika. Mama Naserian alituletea chai ya maziwa yenye harufu ya moshi, kwenye vikombe vya bati vilivyochoma mikono. Nilikishika changu kwa mkono wa kulia, na kidole gumba kikaniwasha. Nilibadilisha mkono, nikanywa. Na cha mkono huo kikaniwasha. Nikakitazama. Cha kulia kilikuwa na alama yake ya kawaida. Cha kushoto nacho kilikuwa chekundu, na ngozi imechubuka pale pale ninapopajua.

Watu wanaoisimulia siku hiyo, hata Jaya ambaye hakuwepo, husema nilisimama papo hapo. Sikusimama. Nilikunywa chai yote. Nilijiambia mega imesema sawa. Nilijiambia nyaya mbili nzuri zitaushikilia wa tatu, na hiyo ilikuwa kweli, kwa mwaka mmoja au hata miwili, mpaka pampu iwe imejipinda mara za kutosha na ile shaba iachiliane kidogo kidogo, ianze kupata moto gizani huko chini. Wakati huo mimi ningekuwa na uzi wangu msumarini, na nani angejua? Niliwatazama wanaume waliovuta kamba, mashati yamelowa. Niliitazama mitungi. Niliogopa, na sikuogopa kufukuzwa kama nilivyoogopa sauti ya Gachoki. Kisha nikafikiri juu ya Mama Naserian akiamka siku moja na kufungua bomba lisitoe kitu, na kwamba mimi nitakuwa nimeketi Nyeri nakula chapati. Nikaweka kikombe chini.

“Bwana Ramnik,” nikasema, “ile waya ya tatu nimesokota nyuma.”

“Mega nasema nini?”

“Inasema iko sawa.”

“Mimi navuta. Nasema nini?”

“Imeshika.”

“Basi nani nasema mbaya?”

Nikamnyoshea kidole gumba cha kushoto. Alikichukua akakisogeza karibu na macho yake yenye ukungu, akakigeuza kwenye mwanga, kama anayesoma maandishi madogo ya dawa. Halafu akakiachia na kugeuka. “Gachoki! Pandisha!”

“Ati nini?”

“Pandisha bomba. Mpaka jointi.”

Sitaandika yote aliyoyasema Gachoki, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Alisema kuhusu mikono ya watu, kuhusu jua, kuhusu viondo. Wanaume wa Doldol walipoelewa kwamba kazi inarudi nyuma walinung'unika, mmoja akatupa kamba chini. Mama Naserian alinitazama, kisha akaenda kwa punda wake akaanza kuishusha mitungi migongoni, mmoja mmoja, kwa sababu ameona kungoja kutakuwa kurefu. Hilo liliniumiza kuliko matusi. Mabomba sita yalipanda, moja baada ya jingine, yakafunguliwa yakalazwa kwenye vumbi. Jointi ilipotokeza Bwana Ramnik aliikata yeye mwenyewe pande zote mbili, akaubandua mpira wa waya wa tatu kwa kisu, akampa Gachoki aangalie. Nyuzi za shaba zilikuwa zimechanuka pale zilipopaswa kukazana. Gachoki aliigeuza, akaigusa kwa ncha ya kidole. Akapumua kwa pua.

“Shemeji angeanguka,” akasema.

Bwana Ramnik akaichukua jointi akaitia mfukoni. Nilingoja aniambie nikae kando. Badala yake Gachoki aliokota turubai, akaenda kusimama upande wa upepo akilishika kwa mikono yote miwili mbele ya kifua, akaniambia, “Funga. Nitasimama hapa mpaka umalize, hata kama ni mpaka Krismasi.” Nikapiga magoti kwenye kivuli chake. Kebo ilikuwa na urefu wa akiba, nikachuna ncha mpya, nikaunga wa kwanza, nikauonyesha. Wa pili, nikauonyesha. Wa tatu niliusokota polepole hivi kwamba nilisikia shaba ikilia, na kila mzunguko nilihisi kidole gumba cha kulia kikiungua, na sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Nikauonyesha. Bwana Ramnik aliupapasa, akanisogezea mpira. Mpira, tepu kutoka chini kupanda juu. Nilipofika tepu ya mwisho nikanyosha mkono anipe uzi wake mweupe.

“Hapana,” akasema. “Uzi yako iko wapi?”

Sikuwa na uzi. Nilikuwa na kiondo changu tu, nilichobebea sweta na mkate, chenye mistari myekundu. Nikakivuta, nikakata katani nyekundu pale ukingoni, nikailaza chini ya tepu, nikafunga. Macho yalinijaa machozi, nikasema ni vumbi, na Gachoki akalikunja turubai.

Maji yalitoka jua likiwa bado juu ya vilima. Kwanza bomba lilikohoa upepo, kisha likatapika matope mekundu, kisha maji ya kahawia, kisha maji. Mbuzi hawakungoja yasafike. Watoto waliingia kwenye birika na nguo zao, na wanaume walionung'unika wakanipigapiga mgongoni mpaka nikakaribia kuingia nami. Mama Naserian alijaza mtungi wake wa kwanza, akaubeba, akasimama mbele yangu. “Ulisema leo,” akasema. Nikamwambia, “Nilisema.” Akaniminia maji mikononi, ninawe. Yaliniwasha vidole vyote viwili.

Njia nzima ya kurudi Bwana Ramnik hakulitaja jambo lile. Tulikula sambusa Nanyuki, na yeye na Gachoki wakazungumza juu ya winchi inayohitaji grisi. Asubuhi iliyofuata nilikuta msumari wa tatu juu ya kabati, na kigurudumu cha uzi mwekundu ambacho Mama Jaya alikitoa kwenye sanduku lake la kushonea. Mpwa wa Nakuru hakuitwa. Gachoki aliacha kuniita Kiondo kwa siku nzima, akashindwa, akaendelea.

Bwana Ramnik alipofariki, Jaya aliniita dukani, akanipa bahasha ya kaki. Alisema baba yake aliiweka kwenye mtoto wa meza miaka yote, na kila kijana aliyeomba kazi alionyeshwa, na hakuna aliyeambiwa ni ya nani. Ndani mlikuwa na ile jointi aliyoitia mfukoni, yenye uzi mweupe, waya wa tatu ukiwa bado wazi. Nililia dukani mbele ya watu. Tangu siku hiyo iko kwenye rafu juu ya meza yangu, na ndiyo aliyoiona Saitoti alipomaliza kikombe cha pili.

“Na hii, mama? Ni ya nani?”

“Yangu pia,” nikamwambia. “Ilitangulia hiyo yako kwa saa mbili hivi.”

Aliiweka kando ya ile ya uzi mwekundu chini ya taa. Alitazama moja, akatazama nyingine, na niliona macho yake yakitulia pale kwenye waya wa tatu. Ni fundi. Lakini mtu huamini zaidi akishika.

“Vuta hiyo waya iko wazi,” nikamwambia.

“Itaharibika.”

“Vuta.”

Alivuta kwa vidole viwili, kwa adabu, kama anayeondoa uzi kwenye nguo ya mtu. Nyuzi za shaba ziliachiliana bila sauti, zikabaki mkononi mwake pande mbili. Aliruka kutoka kwenye kiti.

“Aki pole, mama! Nimeharibu!”

“Hujaharibu kitu,” nikamwambia, nikamwongezea chai. “Ndivyo ilivyokuwa huko chini, sisi tukinywa chai.”